Mwalimu mwanafunzi awafahamu vipi watoto wa darasa lenye lugha na maisha tofauti?

Mwanachuo wa stashahada, Karatu

Shikamooni walimu wangu, na habari zenu wenzangu mlioko vyuoni.

Ninasomea stashahada ya ualimu wa elimu ya msingi, na kwa sasa nipo kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo katika shule iliyoko bonde la Ziwa Eyasi, wilaya ya Karatu. Nimepangiwa darasa la tatu, nafundisha Kiswahili na Hisabati, na darasa lina watoto zaidi ya 80. Anayeijua Mang'ola ataelewa mara moja ninachotaka kuuliza, lakini kwa wasioijua naomba nieleze kidogo. Chemchemi za bonde hili zimewezesha kilimo cha vitunguu cha umwagiliaji, na vitunguu vimeleta watu kutoka kila upande. Darasani kwangu wamo watoto wa Kiiraqw ambao wazazi wao ni wakulima na wafugaji, watoto wa Kidatoga wanaotoka kwenye maboma ya ng'ombe na wengine kwenye familia za wahunzi, watoto wa Kihadzabe ambao jamaa zao bado wanategemea kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, na watoto wa Kinyiramba, Kisukuma na Kichaga waliofuatana na wazazi wao kwenye mashamba na biashara. Lugha zinazozungumzwa majumbani mwao hazina hata asili moja: Kinyiramba na Kisukuma ni za Kibantu, Kiiraqw ni ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kinailoti, na Kihadzabe bado hakijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote.

Chuoni tulisoma saikolojia ya elimu na elimu jumuishi, na nathamini nilichofundishwa. Hata hivyo, nikisimama mbele ya watoto hawa naona wazi kwamba ninaowafahamu ni wale kumi au kumi na watano wanaokaa mbele na kunyoosha mikono, na waliobaki ni majina tu kwenye rejista. Wapo watoto wa Kihadzabe wanaokuja siku chache kisha wakapotea kwa muda. Yupo mtoto wa kike ambaye sijasikia sauti yake tangu nifike. Yupo pia mtoto wa kiume anayeandika kwa mwandiko mzuri sana akinakili daftari la jirani yake, lakini ubaoni hanakili chochote, na wenzake wamezoea kumwita mvivu.

Mwenzangu mmoja wa chuo amenishauri niandae fomu ya maswali, kila mtoto ajaze kabila, dini, kazi ya mzazi na anaishi na nani, ili nipate picha ya darasa kwa siku moja. Nimesita kufanya hivyo, ingawa siwezi kueleza vizuri kwa nini nasita. Naomba mnisaidie: mwalimu ambaye atakaa shuleni kwa muda mfupi tu awafahamu vipi watoto wengi na tofauti kiasi hiki, na akishawafahamu atumie vipi ufahamu huo katika kufundisha bila kumfanya mtoto ajione ametengwa?

Mwalimu wa darasa la kwanza, Manyara

Marahaba, mwanangu. Kusita kwako kuna msingi. Mtoto wa darasa la tatu akiulizwa mbele ya wenzake baba yake anafanya kazi gani, na baba alishafariki au alishaondoka, atajibu uongo au atanyamaza, na kuanzia siku hiyo atakuogopa. Tena watoto wako wengi bado hawasomi kwa ufasaha, kwa hiyo fomu hiyo itajazwa na wale kumi na watano unaowafahamu tayari, kwa niaba yao na kwa niaba ya majirani zao.

Anza na rejista ya mahudhurio, ambayo mwalimu wa darasa anayo na ambayo walimu wanafunzi wengi huiona kama kazi ya kuweka alama tu. Rudi nyuma miezi miwili au mitatu, uisome kwa kufuata siku badala ya majina. Utaona watoto wanaokosekana siku ya mnada, watoto wanaokosekana msimu wa kung'oa vitunguu kwa sababu familia nzima iko kibaruani, watoto wanaopotea kipindi cha asali au cha matunda ya porini kisha wakarudi, na watoto wanaokosekana ovyo bila mpangilio wowote. Hao wa mwisho ndio wa kuwaulizia haraka kwa mwalimu wa darasa, kwa kuwa mara nyingi kuna ugonjwa au matatizo ya nyumbani. Kwa wale wanaofuata msimu, kazi yako ni kuhakikisha wakirudi wanapata mahali pa kuanzia. Mimi huweka kazi fupi za wiki iliyopita kwa ajili yao, na humpangia kila mmoja mwenzake wa kukaa naye siku mbili za kwanza. Mtoto wa Kihadzabe anayerudi shuleni akapokewa kwa swali la "Ulikuwa wapi wewe mtoro?" mbele ya darasa zima ana sababu moja zaidi ya kutorudi tena.

Jambo la pili ni majina. Majina ya Kiiraqw na ya Kidatoga yana sauti ambazo Kiswahili hakina, na walimu wageni huyapindisha au hubuni jina jepesi. Mtoto ambaye mwalimu hulikosea jina lake ataitwa hivyo hivyo na darasa zima. Mwombe mtoto alitamke mwenyewe, nawe ulifuatishe mpaka akubali kuwa umelipata. Wapo pia wenye jina la nyumbani na jina la shuleni, na asipoitika wakati wa mahudhurio huenda bado hajazoea kwamba hilo la rejista ni lake. Sikiliza vilevile wanavyoitana wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu Wadatoga hawapendi kuitwa Wamang'ati, wala Wahadzabe hawapendi kuitwa Watindiga, na mwalimu akitumia majina hayo kwa kuwa ameyasikia kijijini, ameshajitenga na baadhi ya watoto wake kabla hajaandika tarehe ubaoni.

Sasa nije kwenye lugha, ambako naona ndiko penye uzito mkubwa kwa masomo unayofundisha. Mtoto wa Kinyiramba au wa Kisukuma tayari ana mfumo wa ngeli kichwani mwake. Hajui kwamba unaitwa hivyo, lakini lugha ya mama yake inapatanisha maneno kwa namna inayokaribiana na Kiswahili. Mtoto wa Kiiraqw hana mfumo huo. Nomino za lugha yake zimegawanyika kwa jinsi, yaani ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo ya kiume wala ya kike. Akisema "kitabu yangu" na "mti kubwa" mwezi baada ya mwezi, anafanya kazi ngumu kuliko jirani yake, na ukimwekea alama za kukosea tu hatajua arekebishe nini. Mpe vitu halisi mkononi: kiti changu, viti vyangu, kikombe changu, vikombe vyangu, mti wangu, miti yangu. Wafanye wawili wawili, mmoja anashika kitu na mwingine anasema, kisha wabadilishane. Dakika kumi za namna hiyo kila siku zinatosha, na hata wale wanaojua hufurahia.

Kwenye Hisabati usichanganye hesabu na lugha. Mtoto akishindwa fumbo la maneno la mtu aliyenunua magunia na kuuza mengine, mwandikie hesabu ile ile kwa tarakimu peke yake. Akiipata, basi anajua kutoa na kujumlisha, na kinachomkwamisha ni kusoma sentensi. Akishindwa zote mbili, rudini kwenye vijiti na mawe. Njia hii imenisaidia kutambua watoto wengi waliokuwa wamehesabiwa kuwa hawana akili, nao walikuwa wakihesabu ng'ombe wa baba yao bila kupoteza hata mmoja.

Na wakati wa mapumziko usikae ofisini. Tembea uwanjani, uone nani anacheza na nani, nani yuko peke yake, nani anawatafsiria wenzake. Huyo binti usiyesikia sauti yake, mtazame huko kwanza kabla hujamlazimisha kusoma kwa sauti darasani.

Mwalimu mstaafu, Tabora

Nimesoma kwa makini, na kwa heshima zote kwa mwalimu aliyetangulia, sikubaliani na namna mazungumzo haya yanavyozunguka makabila. Sensa ya nchi yetu iliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967, na haikuwa bahati mbaya kwamba swali hilo liliondolewa. Sisi tulipangiwa vituo mbali na kwetu kwa makusudi, na vijana walipelekwa sekondari za mikoa ya mbali wakakae bweni moja na wenzao wasiofahamiana, ili mtu akutane na Mtanzania mwenzake kabla hajakutana na mtu wa kabila fulani. Mwalimu akianza kusema "hawa wa Kihadzabe hupotea, hawa wa Kiiraqw hukosea ngeli", baada ya mwaka mmoja atakuwa hasahihishi daftari la mtoto, anasahihisha kabila lake. Mwanachuo, wafahamu watoto wako mmoja mmoja, na hilo jambo jingine liache mlangoni.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Manyara

Mzee wangu, nashukuru kwa angalizo, na hatari unayoitaja nimeiona kwa macho yangu. Naomba tu nitofautishe mambo mawili. Simwambii mwanachuo aandike kabila la mtoto, namwambia ajue mtoto anaongea lugha gani nyumbani. Watoto wawili wanaweza kuwa wa ukoo mmoja kabisa, mmoja amezaliwa senta ya biashara na hajui lugha nyingine isipokuwa Kiswahili, mwingine amelelewa na bibi yake kwenye boma na alisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza alipoandikishwa shule. Kwa mwalimu hao ni watoto wawili tofauti kabisa, na safu ya kabila kwenye fomu ingewaonyesha kuwa sawa. Kwa hiyo hata kwangu mimi safu hiyo haifai, ingawa sababu yangu si ile ile ya kwako. Ila nikikataa kabisa kuona lugha anayokuja nayo mtoto, nitakuwa nafundisha wale tu ambao nyumbani kwao panafanana na shuleni.

Mwalimu wa elimu maalumu, Mwanza

Nimekuwa nikifuatilia mjadala wa lugha, lakini naomba tusimpite yule mtoto wa kiume anayenakili kwa jirani na kushindwa kunakili ubaoni. Ndugu mwanachuo, umeeleza dalili bila kujua. Mtoto anayeandika vizuri kutoka kwenye daftari lililo karibu na kushindwa kusoma kilicho mbali, kabla hujafikiria jambo lingine lolote, mfikirie macho yake.

Unaweza kufanya uchunguzi wa awali bila kifaa cha gharama. Tumia kadi zenye herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, mtoto asimame umbali wa mita 6, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, kisha aonyeshe kwa mkono upande ambao meno ya herufi yanaelekea. Kipimo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya watu wasiojua kusoma, kwa hiyo lugha ya mtoto haiwi kikwazo. Wapime watoto wengine pamoja naye, mkifanya kama mchezo, ili asijione yeye ndiye aliyeitwa. Matokeo yake hayakupi ruhusa ya kusema mtoto ana ugonjwa gani, kwa kuwa mwalimu hutambua dalili na mtaalamu wa afya ndiye anayepima. Mweleze mwalimu wa darasa, naye kupitia kwa mwalimu mkuu amwite mzazi ili mtoto apelekwe hospitali, na afisa elimu maalumu wa halmashauri ajulishwe. Wakati mkisubiri, msogeze mbele, andika kwa herufi kubwa, na usome kwa sauti kila unachoandika ubaoni. Hilo la mwisho halina gharama yoyote na huwasaidia watoto wengi kuliko unavyodhani.

Kama shuleni kwenu kuna mtoto mwenye ualbino, yafahamu mapema mambo mawili. Uoni wake karibu kila mara ni hafifu, kwa sababu upungufu wa rangi huathiri jicho tangu linapoumbwa, na miwani humsaidia kwa kiasi lakini haimalizi tatizo, hivyo mruhusu ainuke na kusogea ubaoni kila anapohitaji bila kuomba. Pili, usimkalishe karibu na dirisha linaloingiza jua, na kwenye michezo au kazi za nje avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, au apangiwe kazi ya kivulini. Macho yake yakionekana kuchezacheza yenyewe, waeleze wenzake kwa ufupi kwamba ndivyo yalivyo, kabla hawajabuni maelezo yao.

Kuhusu binti asiyeongea, tofautisha vitu vitatu vinavyofanana kwa nje: hasikii, haelewi lugha, au anaogopa. Darasa likiwa limetulia, mwombe mtoto anayezungumza lugha ya kwao amwite akiwa nyuma yake kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, na hasa kama unaona anatazama midomo ya watu, anageuza sikio upande mmoja, au anatokwa usaha sikioni, hapo panahitaji hospitali. Akigeuka na kujibu kwa lugha ya kwao, basi sauti anayo, na wewe ndiye bado hujaisikia. Nisingependa umlazimishe kuongea mbele ya watu wote. Mpe kwanza kazi za kujibu kwa kuonyesha, kuchora au kupanga kadi, halafu za kusema na mwenzake mmoja, na baadaye za kundi dogo.

Mwalimu, Tana River, Kenya

Hamjambo, wenzangu wa Tanzania. Huku kwetu nimekuwa nikifundisha watoto wa Wapokomo, ambao wazazi wao hulima kandokando ya Mto Tana, na watoto wa Waorma, ambao ni wafugaji. Kipokomo ni cha Kibantu na Kiorma ni cha Kikushi, kwa hiyo hayo ya ngeli ninayaona kila asubuhi. Lakini darasa langu lina uzito mwingine. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 kulikuwa na mapigano makali katika eneo la delta, ambayo mizizi yake ni maji, malisho na mashamba, na watu wengi waliuawa. Watoto wa pande zote mbili walirudi wakakaa katika madawati yale yale.

Nataka kumwonya mwalimu mwanafunzi juu ya jambo moja ambalo hufanywa kwa nia njema. Akifika somo la mifugo, humgeukia mtoto wa wafugaji na kumwambia, "Haya, wewe tueleze kwenu mnafanyaje." Akifika somo la kilimo, humgeukia mwingine. Mwalimu anadhani amempa mtoto heshima, kumbe amemfanya msemaji wa jamii nzima, na siku ambayo jamii hiyo imelaumiwa kwa jambo fulani kijijini, mtoto huyo ndiye atakayetazamwa. Wapo watoto wa Waorma ambao hawajawahi kuchunga, na wapo watoto wa Wapokomo ambao baba zao ni madereva.

Mimi hupendelea kuweka swali ambalo kila mtoto ana jibu lake na hakuna mmoja mwenye jibu lote. Maji ni mada nzuri. Nyumbani kwenu maji yanatoka wapi, nani anayachota, yanabebwa na nini, yanatumika kwa kazi zipi, na yakipungua kazi ipi husimamishwa kwanza? Kila kundi linachora, linahesabu madumu, linaandika sentensi tatu. Huku watoto wakipata Hisabati na lugha ndani ya kipindi kimoja, mwalimu anapata pia kujua nani anatembea mbali kabla ya kufika shuleni, nani anachota peke yake kwa kuwa mama ni mgonjwa, na nani kwao kuna bomba. Hayo yote mtoto ameyasema mwenyewe, akiwa anafanya kazi ya shule, bila kuulizwa wewe ni nani na baba yako ni nani. Makundi nayapanga mimi na kuyabadilisha kila baada ya wiki kadhaa, na sitangazi kwamba nachanganya jamii; nasema tu nani anakaa na nani, na kila mmoja nampa jukumu lake, la kuandika, la kupima, la kusoma, ili asiwepo wa kutazama tu.

Hivi sasa walimu wa msingi huku kwetu hupitia stashahada, tangu ilipochukua nafasi ya cheti cha P1 mwaka 2021, na nafurahi kuona vijana wanakaa shuleni muda mrefu zaidi wakijifunza kwa vitendo. Muda huo uwe wa kukaa na watoto, usiishie kwenye kujaza mafaili.

Mkufunzi wa chuo cha ualimu, Dodoma

Nimefurahi kuona swali hili likiulizwa na mwanachuo wakati bado yupo kwenye mafunzo, kwa kuwa wengi hutuuliza jinsi ya kupata alama nzuri siku ya kutembelewa na mkufunzi, na si wengi wanaotuuliza habari za watoto.

Naomba niseme kuhusu karatasi ambayo tayari unayo mkononi kila siku. Andalio la somo lina sehemu ya chini ya tathmini na maoni. Nimekagua maandalio mengi sana, na karibu yote yana sentensi ile ile: wanafunzi wengi wameelewa somo, wachache watasaidiwa kipindi kijacho. Wachache hao ni akina nani? Hawakuelewa nini? Watasaidiwa kwa njia gani? Sentensi hiyo ikifutwa na mahali pake pakaandikwa majina mawili au matatu na jambo moja la kweli juu ya kila mmoja, kwa mfano kwamba fulani anajumlisha vizuri lakini akifika kwenye kubeba kumi huandika tarakimu zote mbili chini, au kwamba fulani anasoma silabi za ba, be, bi na kukwama kwenye nya na ng'wa, andalio hilo linakuwa na kazi siku inayofuata. Mkufunzi akija kukukagua atasoma hapo kabla ya kusoma pengine popote. Mimi husoma hapo.

Kwa darasa la watoto 80, usijaribu kuwatazama wote kila siku, kwa kuwa utaishia kutomwona hata mmoja. Chagua watano kila asubuhi kwa kufuata mpangilio wa madawati, bila wao kujua. Siku hiyo hakikisha umezungumza na kila mmoja wao walau mara moja, umeona daftari lake ukiwa umesimama karibu naye, na umeandika mstari mmoja. Kwa hesabu hiyo utakuwa umewapitia wote kwa siku 16 za masomo, na mzunguko wa pili utakuonyesha mabadiliko. Mwenzangu wa Manyara amegusa rejista na uwanja wa michezo, na ningependa uongeze safari ya kwenda nyumbani. Baada ya masomo ongozana na watoto wanaoelekea upande mmoja mpaka nusu ya njia, ukiwa pamoja na mwalimu mwenyeji, na mwalimu mkuu akiwa anajua. Usiingie boma la mtu bila kutanguliwa na mwenyeji, na usiulize maswali kama mtu wa takwimu. Salimia, ngoja ukaribishwe, na sikiliza.

Lipo jambo ambalo halijatajwa nami naona lina uhusiano wa moja kwa moja na swali lako. Kanuni za mwaka 2002 zinampa mamlaka ya adhabu ya viboko mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi 4, mwanafunzi wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu mwanafunzi anayezunguka darasani na fimbo amevuka mipaka yake. Zaidi ya hilo, amejifungia mlango wa kuwafahamu watoto. Ukiuliza "Mmeelewa?" huku umeshika fimbo, watoto 80 watakujibu kwa sauti moja kwamba wameelewa, pamoja na yule asiyeona ubao na yule asiyejua Kiswahili. Ili upate jibu la kweli, darasa linahitaji kuwa mahali ambapo mtoto anaweza kusema sijui na asipatwe na lolote. Siku mtoto wa kwanza atakapokuambia "Mwalimu, mimi sijaelewa," mshukuru mbele ya wenzake, kisha eleza upya kwa njia nyingine.

Mwanachuo wa stashahada, Karatu

Nawashukuru sana, walimu wangu. Fomu nimeiacha. Mwalimu wa darasa amekubali tukae na rejista pamoja, na amenieleza kwamba yule mtoto wa kiume alikuwa akikaa dawati la mbele mwaka jana, akahamishwa nyuma kwa sababu ya urefu wake. Tumemrudisha mbele pembeni, na mwalimu mkuu ameahidi kumwita mzazi. Mzee wangu wa Tabora, angalizo lako nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Nina swali moja la mwisho. Daftari hilo la mistari ya kila siku limeanza kujaa habari za watoto, na baadhi ya habari hizo ni za nyumbani kwao. Mafunzo yakiisha nitaondoka. Nilifanye nini?

Mkufunzi wa chuo cha ualimu, Dodoma

Ligawe. Yale yanayohusu kujifunza, yaani nani anakwama kwenye silabi zipi, nani asomewe kinachoandikwa ubaoni, nani anatembea mbali asipangiwe usafi wa alfajiri, nani anamsaidia nani kwa lugha ya nyumbani, yaandike upya kwa usafi kwenye karatasi moja au mbili umkabidhi mwalimu wa darasa. Yale ambayo mtoto alikuambia kwa siri, kama yanagusa usalama wake, hayasubiri mwisho wa mafunzo. Yapeleke siku hiyo hiyo kwa mwalimu wa malezi na unasihi au kwa mwalimu mkuu, kwa mdomo na faraghani. Yaliyobaki ya mambo ya nyumbani usiyapeleke popote, wala usiyatumie kama mifano kwenye ripoti yako ya chuoni kwa namna itakayomtambulisha mtoto au familia yake. Kurasa hizo zichane na kuziteketeza mwenyewe, usiache daftari kwenye rafu ya ofisi ambako kila mtu hupita.

Makabidhiano hayo yafanye wiki moja kabla ya kuondoka, ili mwalimu wa darasa apate muda wa kukuuliza maswali na kwenda kuwatazama watoto hao wewe ukiwa bado upo. Waambie na watoto tarehe ya kuondoka kwako mapema, hasa huyo binti, kama atakuwa ameshaanza kuzungumza nawe.